Chemchemi ya ukutani kama za Waroma, uani kwako hapa Kigoma

Jamani sisi tuliojenga mlimani hapa Kigoma tuna mteremko wa bure, kitu ambacho Waroma walikihangaikia kwa mifereji ya kilomita na kilomita, kwahiyo kabla hujawaza nguzo na urembo jiulize kwanza maji yako yanatoka wapi na yanashukaje. Hata Wagiriki walianzia kwenye maji yenyewe, wanaenda pangoni penye chemchemi wanaacha sadaka kwa nimfa, mabinti wa kiungu wanaolinda maji, ndo jina nimfeumu, yaani chemchemi ya kujengwa ya namna hii, lilikotoka. Waroma wakayaleta maji mjini wakayajengea ukuta mkubwa wenye vidaka, yaani vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, na sanamu, ule wa Jerash kule Yordani ni wa mwaka 191 na maji yalimwagika kupitia vichwa 7 vya simba. Mimi huo ndo naupenda kuliko yote.

Haya, tafuta pipa au tenki la lita 100, liweke juu nyuma ya ukuta. Midomo ya maji lazima iwe chini ya usawa wa maji ya kwenye tenki, la sivyo hakitoki kitu. Ukuta wa matofali ya kuchoma, mita moja na nusu inatosha, acha vidaka vitatu kama vile vya nyumba za zamani za pwani, halafu pitisha bomba la nusu inchi na koki kabla ya kupiga lipu, usije ukabomoa.

Birika la chini linalopokea maji ndo usilifanyie haraka. La kwangu nililijaza siku ya pili tu, jioni nikaweka kiganja kwa nje nikakuta pamelowa, ufa mwembamba kama uzi umezunguka kona yote! Mwagilia saruji siku 7 kwanza, kisha piga niru, ule uji wa saruji wa kulainisha. Waroma walichanganya chokaa na vigae vilivyosagwa ili maji yasipenye, vigae vya vyungu vilivyovunjika sote tunavyo, ukitaka jaribu.

Kidaka cha katikati weka kitu unachokiheshimu. Kule Olympia, Ugiriki, tajiri mmoja aitwaye Herodes Atticus alijenga nimfeumu kwenye miaka ya 150 ili wanaokuja kwenye michezo wapate maji, na ng'ombe dume wa marmaru akawekwa, ameandikwa jina la mkewe Regilla. Mimi nimeweka chungu cha bibi yangu.

Toboa tundu la kufurikia karibu na ukingo wa birika, maji yaende kwenye migomba, na kila Jumamosi lifungulie lote ulisugue, mbu hawana subira.