Jinsi ya kuomba mfereji wa bandari Marekani ubadilishwe jina kumuenzi afisa wa Coast Guard (walinzi wa pwani) aliyefariki

Watu wengi wakitaka kumuenzi shujaa wanaanza na shujaa mwenyewe, medali zake, picha akiwa na yunifomu, hadithi ya alivyokufa, wanajaza kurasa kumi halafu wanashangaa mbona maombi yamekwama. Bodi inayoamua haya mambo haipimi ushujaa wa mtu, swali lake kubwa ni jina la zamani lina kosa gani mpaka litolewe, na kama hujajiandaa kwa hilo swali basi hizo medali zote hazitakusaidia.

Bodi yenyewe inaitwa U.S. Board on Geographic Names, kwa kifupi BGN. Ipo tangu 1890 enzi za Rais Benjamin Harrison, ila muundo wake wa sasa umetoka kwenye sheria ya 1947, na kazi za ofisi zinafanywa na watu wa USGS, wale wa jiolojia na ramani. Mtu yeyote au shirika lolote linaweza kupeleka ombi na hakuna ada, kwa hiyo hata nyie Wakongo na Warundi mliojaa West Side ya Buffalo, ule mji wa jimbo la New York, msidhani hii ni shughuli ya wazungu wenye boti tu.

Na kwa vile nimeitaja Buffalo tuchukue mfano wa hapo hapo, ni mfano wangu tu wa kufundishia sisemi kuna mtu ameshaomba. Luteni Thomas James Eugene Crotty alikuwa mtoto wa South Buffalo, akamaliza chuo cha Coast Guard 1934, vita ikamkuta Ufilipino akifanya kazi ya mabomu ya majini pamoja na Navy, kisiwa cha Corregidor kilipoanguka Mei 1942 akatekwa na Wajapani na Julai mwaka huo huo akafa kwa dondakoo kwenye kambi ya wafungwa ya Cabanatuan. Mabaki yake yalitambuliwa 2019 ndo akarudishwa kuzikwa kwao. Sasa tuseme unataka City Ship Canal, ule mfereji unaoenda sambamba na Buffalo River, uitwe kwa jina lake.

Cha kwanza ingia GNIS, hiyo ni database ya majina rasmi, iko wazi kwenye tovuti ya USGS. Tafuta mfereji wako, andika jina lilivyo rasmi, namba yake ya utambulisho, kaunti na koodineti. Fungua na chati za NOAA, idara ya serikali kuu inayochora ramani za baharini, uone mabaharia wanauitaje, maana unaweza kukuta jina unalopigana nalo siyo hata lile rasmi. Na ukikuta kijimfereji cha jirani hakina jina kabisa, aisee chukua hicho! Kukipa jina kitu kisicho na jina ni rahisi mara nyingi kuliko kung'oa jina ambalo watu wamelizoea, na BGN hawafichi kwamba hawapendi kubadilisha majina yaliyokaa.

Halafu piga hesabu ya miaka. Mtu lazima awe amefariki angalau miaka mitano kabla ombi halijafikiriwa. Kwa Crotty hilo limepita zamani, ila kama ni afisa aliyefariki mwaka jana na msiba bado mbichi, subirini tu, huo muda tumieni kukusanya ushahidi.

Hapa kwenye ushahidi ndo penye kazi yenyewe. Wanataka huyo mtu awe na uhusiano wa moja kwa moja na hilo eneo, au aliifanyia jamii ya hapo jambo kubwa, au awe na umaarufu wa kitaifa. Kufa tu mahali hapo kwa kawaida hakutoshi, na kumiliki ardhi ya pembeni pia hakutoshi. Kwa Crotty ungeonyesha alizaliwa na kukulia hapo, lakini mimi naona ombi likitegemea hilo peke yake ni jepesi, ningetafuta chochote kinachomuunganisha na yale maji yenyewe, magazeti ya zamani ya mji, kumbukumbu za shule, rekodi za Coast Guard, na ningeeleza pia City Ship Canal ni jina la kimaelezo tu, yaani mfereji wa meli wa mji, halimtaji mtu wala tukio. Hapo sasa umejibu lile swali lao.

Jina lenyewe liwe fupi, kwa kawaida wanapendelea jina la ukoo peke yake, Crotty Canal inatosha, msiweke cheo na majina yote manne. Na ile apostrofi ya kuonyesha umiliki hawaitumii, kwa hiyo Crotty's Canal itarekebishwa.

Kabla ya kutuma fomu nenda kwa wenyeji. Ongea na familia kwanza, tafadhali, maana kuna familia hazitaki. Kisha diwani, Common Council ya Buffalo (baraza la madiwani), kaunti ya Erie, vyama vya maveterani, wenye marina, kila mmoja akupe barua. Msiwasahau Seneca, kabila la wenyeji wa asili, hiyo ardhi na mito ilikuwa yao na makabila wanaulizwa rasmi kwenye prosesi hii. Ile Unity Island, kisiwa cha hapo hapo Buffalo, ilipoachana na jina lake la zamani la matusi 2015, ombi lilitoka kwa Seneca wenyewe na Common Council ikapitisha, kwa hiyo baraza la pale hii lugha wanaielewa.

Ukishatuma, wafanyakazi wa BGN wanakagua, wanaliweka ombi kwenye orodha inayotoka kila robo mwaka, halafu wanaomba maoni ya kaunti, kamati ya majina ya jimbo, makabila na idara za serikali kuu, ikiwemo Army Corps of Engineers, wahandisi wa jeshi, kwa sababu wao ndo wanachimba njia za meli za bandari ya Buffalo. Makabila wanapewa siku 60. Mwisho inaamua kamati ya BGN ya majina ya ndani ya nchi ambayo hukutana kila mwezi. Ukimaliza yote kwa miezi sita shukuru, panga zaidi ya hapo.

Wakikataa unaweza kurudi ila uwe na ushahidi mpya, siyo barua zile zile zenye saini zaidi. Njia nyingine ni mbunge wenu apeleke muswada Congress, hiyo BGN hawawezi kuipinga, lakini inabidi mbunge awe na moyo nayo. Na kama umefikiria kuomba meli ya Coast Guard ndo ipewe jina lake badala ya mfereji, zile boti za doria za aina ya Sentinel zinapewa majina ya mashujaa ambao hawakuwa maafisa, kwa hiyo luteni kama Crotty haingii.

Wakikubali, GNIS inabadilishwa na ramani za serikali kuu zinafuata kadiri zinavyochapishwa upya. Vibao hawaweki wao, hilo ni la mji, kwa hiyo ombi la kibao lipelekeni Common Council mapema mkiwa bado mnasubiri.