SOMO: Mali isiyo na mwenyewe polisi, inavyoingia stoo na inavyotoka

Habari za jioni wakuu. Hili somo nimeliahidi muda mrefu, leo mvua ya hapa Uyole imenifungia ndani tangu saa nane kwa hiyo naliandika lote. Nilikuwa polisi, na miaka yangu ya mwisho kazini nilikaa stoo ya vielelezo, vituo viwili vya huku Nyanda za Juu Kusini, na kilichokuwa kinaniuma ni kuona pikipiki ya mtu inaota majani uani kwetu wakati mwenyewe yupo Mwanjelwa pale anatembea kwa miguu, hela yake ya akiba ameshaipeleka kwa mganga amtafutie mwizi. Mali nyingi tunazoziandika "hazina mwenyewe", mwenyewe yupo. Ni karatasi zake na karatasi zetu tu hazijakutana.

Hatua ya 1: umeokota kitu
Usikae nacho. Watu wanasema cha kuokota si cha kuiba, ila Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 258 haisemi hivyo. Inakulinda kama wakati unakifanya chako ulikuwa humjui mwenyewe na una sababu za msingi za kuamini hawezi kupatikana. Sasa umeokota simu stendi ya Nanenane, inaita, kioo kinaandika "Mama Watoto", wewe unachomoa laini unaweka yako, hapo utamwambia nani kwamba mwenyewe hapatikani? Pokea simu ya watu. Ukishindwa, nenda kituo cha karibu, ukiweza pita kwa mwenyekiti wa mtaa kwanza ili awepo mtu wa pili anayejua umeokota nini na wapi. Silaha au kitu usichokielewa usikiguse, simama mbali upige 112.

Hatua ya 2: kaunta
Hapa ndo mali inapopotelea, na sisemi wizi, nasema maandishi. Usiondoke kaunta mpaka umeona imeandikwa na umepewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo. Na RB haiuzwi. Mwambie afande aandike kitu chenyewe, "begi jeusi" siyo maelezo, mabegi meusi Mbeya hii yapo mangapi? Begi jeusi, zipu ya kushoto imeng'oka, ndani kuna kitenge cha njano, daftari la vikoba na shilingi 43,000, zihesabiwe mbele yako na wewe uweke sahihi.

Hatua ya 3: stoo
Hii nawaandikia zaidi vijana walioko kazini na ma-OCS (wakuu wa vituo), maana kituo kinajulikana kwa stoo yake. Lebo ya karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, ukiifunga kwenye pikipiki iliyolala nje, mvua za Machi na Aprili za huku zikipita unabaki na karatasi nyeupe inaning'inia. Mimi nilikuwa naandika kwa penseli, penseli haifutwi na maji, afu naifunga ndani ya nailoni kwa waya, siyo kamba ya katani inayooza. Namba ya chasisi nilikuwa siinakili kwa macho. Unasugua kutu na tambara lenye mafuta ya taa kidogo, unalaza karatasi nyembamba juu ya namba, unapitisha penseli kwa ubapa mpaka namba zinajichora zenyewe, karatasi hiyo unaigundisha kwenye rejista. Inachukua dakika tano.

Kwa nini nasisitiza: kituo kimoja nilichohamia nilikuta pikipiki imeandikwa "nyekundu, moja, mbovu". Basi. Kuna kijana wa Igawilo alishafika pale mara tatu na kadi yake mkononi akaambiwa haipo, maana yake alikuwa anaulizia kwa namba na kitabu hakina namba. Aliporudi mara ya nne tukasugua pamoja, tarakimu ya kwanza, ya pili, alipoona ya nne akakaa chini kwenye matope. Ilikuwa pale pale ukutani miezi kumi na moja, na alishapita mbele yake. Tairi zote zimekwisha, siti imeliwa na panya.

Hatua ya 4: kumtafuta mwenyewe
Ni kazi ya polisi hii, siyo hisani. Namba ya usajili inaulizwa TRA, kitambulisho NIDA, mifugo ya kule Mbarali inaangaliwa chapa na kuulizwa kwa wenyeviti wa vijiji, na polisi kata atangaze kwenye mikutano.

Hatua ya 5: hakimu
Akikosekana kabisa, OCS hana mamlaka ya kuuza wala kugawa. Orodha inapelekwa mahakamani, tangazo linabandikwa watu walione, muda uliowekwa ukiisha bila mtu kujitokeza ndo hakimu anatoa amri ya mnada na hela inaingia serikalini. Maoni yangu ni kwamba askari wa kituo hicho asisogee kwenye mnada huo hata kama anayo hela yake halali, raia hawezi kukuelewa akikuona unaendesha kilichokuwa stoo yako.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Kihesa, Iringa: Kamwene afande. Pikipiki yangu ilikamatwa kwa kosa la kofia ngumu, ni mwezi wa nne ipo kituoni. Je itauzwa?
Jibu: Kamwene mwanangu. Maelekezo yaliyokwishatolewa na viongozi wa wizara ni kwamba pikipiki ya kukaa kituoni ni iliyohusika kwenye uhalifu, iliyopata ajali, au isiyo na mwenyewe. Wewe upo na kadi unayo. Lipa faini yako kwa kontroo namba, chukua risiti uende kwa OCS mwenyewe, usiishie kaunta. Akikataa panda kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya. Ila usikae nyumbani, ukikaa ndo unaihamisha kwenda kundi la tatu.

Dada wa Kyela: Shikamoo. Mimi nilinunua mkononi, kadi ina jina la mtu mwingine.
Jibu: Marahaba dada yangu. Njoo na mkataba wa mauziano na huyo aliyekuuzia, au shahidi aliyesaini. Ikishatoka nenda TRA siku hiyo hiyo ubadilishe jina, maana kwenye mfumo mpaka sasa mwenye mali ni yeye.

Mdau wa Tukuyu: Basi limeshusha magunia ya parachichi, mwenyewe hajulikani. Nayo yasubiri tangazo?
Jibu: Hapana, yataoza. Yapigwe picha, yapimwe, hakimu aombwe amri haraka yauzwe, hela itunzwe badala ya mzigo. Mwenyewe akitokea anapewa hela.

Mdau wa Makambako: Nimepoteza simu, nimeshatoa taarifa ya upotevu kwenye mfumo wa polisi wa mtandaoni. Inatosha?
Jibu: Kama umepoteza, hiyo ni sawa. Kama umeibiwa nenda kituoni, wizi unafunguliwa jalada. Na IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, unayo? Wengi wanaitafuta simu ikishaondoka. Ipo kwenye boksi, na ambao simu bado ipo mkononi bonyeza *#06# uiandike pembeni leo.

Mdau wa Mbalizi: Mzee wangu, nimeambiwa nilipe hela ya stoo ndo nipewe begi langu, na risiti hakuna.
Jibu: Usilipe. Muulize kwa upole hiyo hela ni ya kifungu gani na risiti yake iko wapi, uandike jina lake na saa. Afu mwone OCS, isipoeleweka piga TAKUKURU 113, ni bure. Namba ya RB unayo? Nitumie inboksi, kesho nashuka mjini tutaenda wote.