Kuotesha miche ya vibuyu Mwanza: anza kuhesabu kutoka kiangazi

Maelekezo mengi ya vibuyu yanayozunguka mtandaoni yameandikwa Marekani au Ulaya, na huko kila tarehe hupangwa kwa sakitu (umande unaoganda kwa baridi na kuunguza mimea): otesha ndani ya nyumba wiki 4 hadi 6 kabla ya sakitu ya mwisho, hamishia nje udongo ukishapata joto. Ukiwa Ilemela au Magu, hesabu hiyo haikuhusu. Huku ziwani tupo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari lakini karibu na Ikweta, na sakitu haianguki. Kinachoharibu kibuyu chetu ni mvua kukikuta kikikauka.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Kibuyu cha kuwekea maziwa huchukua miezi mitano hadi sita tangu mbegu hadi ganda gumu. Mvua zetu hupungua Mei, na Juni hadi Agosti ni kukavu. Rudi nyuma kutoka hapo: mbegu ziingie kwenye viriba (vifuko vya nailoni vya kuoteshea miche) mwishoni mwa Januari au mapema Februari, miche ihamie shambani masika yakianza Machi.

Ukiotesha Oktoba kwa mvua za vuli utapata mmea mzuri ajabu, na mamumunye ya kupika tele. Ila yale unayotaka yawe vibuyu yatakomaa masika yakiwa yamepamba moto, na mengi yataoza. Kwa mboga, Oktoba ni sawa kabisa.

Hatua ya 2: Mbegu na viriba

Ganda la mbegu ni gumu. Kata ncha kidogo kwa kikata kucha, usifike kwenye kiini, kisha loweka usiku kucha. Changanya udongo wa juu ndoo tatu, samadi iliyooza ndoo mbili, mchanga ndoo moja. Fukia mbegu mbili kila kiriba, kina cha sentimita 2 au 3. Zitachomoza ndani ya wiki moja hadi mbili. Bakiza mche wenye nguvu, mwingine ukate kwa mkasi. Usiung'oe, mizizi ya jamii ya maboga haipendi kuguswa.

Hatua ya 3: Kinga

Jua la Februari ni kali, kwa hiyo tengeneza kichanja cha nyasi juu ya viriba. Kitasaidia pia mvua ya mawe ikishuka. Kuku wa jirani ni habari nyingine: zungushia wavu, maana kuongea na jirani hakujawahi kutosha. Wadudu wekundu wanaotoboa majani machanga wazuie kwa kitambaa chepesi au majivu. Wiki ya mwisho punguza nyasi kidogo kidogo ili miche izoee jua.

Hatua ya 4: Kuhamisha

Mche ukiwa na majani halisi mawili hadi manne (usihesabu yale mawili ya kwanza yanayotoka kwenye mbegu), uhamishe jioni, umbali wa mita 2 hadi 3. Chana kiriba, udongo usimeguke. Na usiteremke hadi majini kufuata unyevu. Sheria inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa ziachwe.

Ukitaka shingo ndefu iliyonyooka, tunda lining'inie kwenye chanja. Ukitaka kibuyu kinachokaa chenyewe mezani, kiache kilale juu ya nyasi kavu. Maua meupe hufunguka jioni. Yasiposhika matunda, chukua ua dume ulipakaze kwenye jike kabla ya kwenda kulala.

Kwa walio Njombe, Makete na Mufindi

Ninyi sakitu mnayo, hasa Juni hadi Agosti, usiku wa anga safi usio na upepo, na mabondeni ndiko hutuama. Otesheni Oktoba ili mvune kabla ya Juni. Ikitokea baridi kali mapema, mwagilieni udongo mchana, maana udongo wenye unyevu hutunza joto. Kabla jua halijazama funikeni mimea kwa shuka kuukuu lililoinuliwa kwa vijiti. Nailoni ikigusa jani, jani huungua kwa baridi. Asubuhi jua likishapasha, funueni.