Somo: Kupasha mkono moto kabla ya kurusha, kwa kwotabeki anayeanza

Kila wiki swali ni lilelile: "Kocha, bega linauma, nifanyeje?" Nikiuliza alianzaje mazoezi, naambiwa alishuka kwenye gari, akaokota mpira, akaurusha mbali kadiri alivyoweza. Naandika mara hii moja, atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Nazungumzia futiboli ya Kimarekani, ambamo kwotabeki ndiye anayewarushia wenzake mpira. Nafundisha vijana wa sekondari hapa Ohio, wengi wao watoto wa familia zetu kutoka Kongo, Burundi na Tanzania. Wamekulia kwenye soka, kwa hiyo miguu wanayo; mkono ndio wa kufundishwa. Maelezo ni ya anayetumia mkono wa kulia. Wewe wa kushoto, geuza.

1. Kimbia taratibu dakika tano, mpaka jasho lianze.

2. Zungusha mikono mbele na nyuma, mara kumi kumi.

3. Funga utepe wa raba kwenye nguzo, bana kiwiko ubavuni, vuta kwenda nje mara 15. Kuna misuli minne midogo inayoshikilia bega, na ndiyo inayoufunga breki mkono baada ya mpira kutoka. Usiiruke.

4. Vidole. Kidole kidogo na cha pete vikae juu ya nyuzi za mpira, na kati ya kiganja na mpira pabaki uwazi. Rusha juu ya kichwa chako kwa kiwiko na kiganja tu, mara kumi. Kidole cha shahada ndicho cha mwisho kuuacha mpira. Ukiuona unayumba badala ya kuzunguka, tazama kidole hicho kwanza.

5. Goti moja. Hapa tulia. Goti la kulia chini, mguu wa kushoto mbele, mwenzako yadi 8. Shika mpira kifuani kwa mikono miwili, geuza mabega mpaka la kushoto limwelekee mwenzako, rusha. Kiwiko kisishuke chini ya bega.

Mwaka 2017, nikiwa bado nacheza mechi za wikendi, hatua hii niliigeuza mashindano. Ilikuwa asubuhi ya Oktoba yenye baridi, nami nikamrudisha mwenzangu nyuma mpaka yadi 25. Ukiwa umepiga goti miguu haikusaidii, kwa hiyo umbali wote niliudai begani. Mrusho wa sita au wa saba nikasikia kama uzi umekatika nyuma ya bega. Nikaendelea kurusha. Usiku huo sikuweza kuvua shati bila kusaidiwa, na msimu wangu ukaishia hapo. Kwa hiyo: isizidi yadi 10, isizidi mirusho 10, nguvu isizidi nusu. Maumivu ya kuchoma ndani ya kiungo si uchovu. Ukiyasikia, weka mpira chini siku hiyo.

6. Simama, nyayo sambamba zikimtazama mwenzako, geuza kiuno na mabega tu. Yadi 10, mara 8.

7. Rudi nyuma hatua tatu: kulia, kushoto, kulia. Kanyaga kwa mguu wa kulia, kisha hatua fupi ya kushoto kuelekea unakorusha. Anza yadi 15, halafu 20.

8. Rusha ukikimbia, kulia mara tano, kushoto mara tano. Ukienda kushoto, mabega yageuke kabla mkono haujainuka.

MASWALI

Kijana_Namba12: Kocha, nina dakika tano tu. Naweza kuanzia ya 5?

Hapana. Ukiwa na dakika tano, kimbia, vuta raba, na leo usirushe mbali.

Mzee wa Dayton: Mbona Mahomes, yule kwotabeki wa Kansas City, anarusha kwa ubavu na kiwiko kiko chini? Unatufundisha mambo ya kale.

Mahomes amekulia kwenye besiboli, na baba yake aliicheza kwa malipo kama mrushaji. Kurusha kwa pembe tofauti alikuzoea tangu utotoni. Kijana wako ana miezi mitatu tu tangu aanze kurusha. Akiweza kurusha mara 20 kiwiko kikiwa juu bila mpira kuyumba, tutaongea habari za ubavu.

Mama Neema: Shikamoo kocha. Umesema ukipiga goti miguu haikusaidii. Sasa kwa nini kupiga goti na kuiondoa hiyo miguu?

Marahaba mama, umeuliza vizuri. Nguvu huanzia mguuni, ikapanda kiunoni, mabegani, kiwikoni, mpaka kidoleni. Kijana mwenye miguu mizuri huficha makosa ya mkono, maana mpira unafika tu. Akipiga goti, kosa la juu linabaki wazi. Mpige video kwa simu ukiwa ubavuni kwake, kisha isimamishe pale mkono unapoanza kwenda mbele. Utakiona kiwiko mwenyewe.

Kijana_Namba12: Bega linauma tangu Jumatatu. Nipunguze hatua zipi?

Zote. Usirushe. Mwambie mzazi akupeleke kwa daktari wiki hii.

Baba Imani: Mpira mpya unateleza mno, hasa kwenye baridi.

Ngozi mpya ina utelezi wa kiwandani. Isugue kwa brashi ngumu na kitambaa chenye unyevu kidogo, uache ukauke kivulini, rudia siku kadhaa. Kwenye baridi uweke ndani ya jaketi mpaka zamu yako ifike.

Mama Neema: Binti yangu ana miaka 11, anacheza futiboli ile ya kunyang'anyana bendera za kiunoni badala ya kuangushana, itakayokuwepo Olimpiki ya Los Angeles 2028. Afuate hatua hizi hizi?

Hizi hizi, ila umbali uwe nusu na mpira uwe wa saizi ya watoto. Akiushika na kidole chake kidogo kisifikie nyuzi, ni mkubwa kwake. Nenda naye dukani aushike mwenyewe kabla hujalipa.