Somo: Goti limepona, mbona paja halina nguvu? Kurudisha nguvu za mguu baada ya kuanguka na bodaboda

Mtu kaanguka na bodaboda. Siyo ajali kubwa: kachubuka, goti limevimba, eksirei imeonyesha mfupa mzima, kapewa dawa za maumivu na kuambiwa apumzike. Wiki tatu baadaye uvimbe umepungua, lakini akishuka ngazi goti linamlegea ghafla, na paja moja limesinyaa. Nyumbani wameshaanza kunong'ona kuwa kuna mkono wa mtu. Nafanya kazi ya fiziotherapia, na watu wa namna hii nawapokea kila mara.

Hakuna mkono wa mtu. Goti likijaa maji, hata kidogo, neva zake hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, nao uti wa mgongo huuzima msuli mkubwa wa mbele ya paja. Mwili unajilinda. Msuli haukukatika, umezimwa tu, na ukiachwa umelala unaanza kupoteza nguvu ndani ya wiki ya kwanza. Kwa hiyo kulala mpaka upone ndiko kunakowachelewesha wengi.

Hatua ya 1: Hakikisha ajali ni ndogo kweli

Piga eksirei kama pale ulipoanguka hukuweza kutembea hatua 4 na hata sasa huwezi, kama goti halikunjiki kufikia nyuzi 90 (kama mtu aliyekaa kitini), kama ukibonyeza pia ya goti au kinundu cha mfupa upande wa nje chini ya goti kunauma sana, au kama una miaka 55 na kuendelea. Kwa Tanzania, kumbuka PF3, yaani fomu ya polisi ya mtu aliyeumia. Ukiwa na hali mbaya, ndugu aifuate wewe ukiwa unatibiwa.

Usisubiri asubuhi ukiona haya: kichwa kinazidi kuuma na unatapika, miguu yote miwili inalegea, ganzi sehemu za siri, mkojo unagoma au unatoka wenyewe, mguu chini ya goti umekaza kama ngoma na maumivu yanazidi hata ukitulia.

Hatua ya 2: Siku za mwanzo, pigana na uvimbe

Barafu ndani ya kitambaa, dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Isiguse ngozi moja kwa moja. Funga bandeji ya kuvutika, isibane mpaka vidole vife ganzi, na ukilala weka mguu juu ya mto.

Na tafadhali, msikubali kuchuliwa. Hapa naomba mnielewe vizuri, maana wanaochua ni mama zetu na bibi zetu, wanafanya kwa upendo. Paja lililogongwa lina damu iliyovilia ndani ya msuli. Ukilisugua kwa nguvu kwa mafuta ya moto siku hizo, unachokoza damu itoke tena, na kuna wakati msuli huanza kuota mfupa ndani yake. Mdogo wangu yalimkuta. Alichuliwa siku ya pili, na baada ya wiki kadhaa paja lilikuwa na kitu kigumu kama jiwe na goti halikunjiki vizuri. Ilimchukua miezi kurudi kazini, kwa jeraha ambalo lingemchukua wiki chache.

Hatua ya 3: Amsha msuli

Maumivu yakipoa kidogo, hata siku ya pili au ya tatu, kaa kitandani mguu umenyooka. Kunja kanga au taulo, weka chini ya goti. Sasa ligandamize taulo kwa goti huku ukikaza paja, hesabu mpaka 5, achia. Mara 10, kutwa mara 3 au zaidi. Weka kiganja juu ya paja ulisikie linakaza. Siku za kwanza linaweza lisikaze kabisa. Usikate tamaa: kaza kwanza paja la mguu usioumia, kisha la upande mbovu, mara nyingi linafuata.

Hatua ya 4: Libebeshe mzigo

Paja likikaza vizuri, nyanyua mguu ulionyooka kiasi cha shibiri moja, mara 10. Kisha kiti: kaa na kusimama bila kushika kitu, polepole hasa wakati wa kukaa. Mwisho ngazi moja ya mlangoni, panda na kushuka. Maumivu madogo yanayoisha jioni ni sawa. Goti likivimba kesho yake, ulizidisha. Rudi nyuma hatua moja.

Kila wiki chukua futi kamba ya fundi nguo, pima mzunguko wa paja sentimeta 15 juu ya pia ya goti, mapaja yote mawili, uandike. Kula mayai, maharage, dagaa au maziwa kila siku. Msuli haujengwi kwa uji mtupu.

Maswali yenu

Swali: Shikamoo. Natembelea gongo moja. Nilishike upande unaouma?
Jibu: Marahaba mwanangu. Hapana, lishike mkono wa upande mzima. Ukipanda ngazi utangulize mguu mzima, ukishuka utangulize mbovu pamoja na gongo.

Swali: Mume wangu ana wiki mbili sasa, hawezi kabisa kunyanyua mguu ukiwa umenyooka. Aendelee kukaza?
Jibu: Dada, mrudishe hospitali leo. Kama mguu haunyanyuki kabisa, inawezekana kano inayoshika pia ya goti imekatika au pia yenyewe ina ufa. Hiyo haitibiwi kwa mazoezi ya nyumbani.

Swali: Mimi paja liko sawa, ila kandambili inanivuka bila kujua na vidole vinaburuza.
Jibu: Hilo siyo paja, kaka. Upande wa nje chini ya goti kuna neva inayopita juu ya mfupa, na ikigongwa unyayo hauinuki. Nyingi hupona zenyewe polepole, lakini daktari akuone wiki hii. Wakati unasubiri vaa viatu vya kufunga, na usikalie mguu wala kukunja nne.

Swali: Marejesho ya pikipiki yananisubiri. Nikimeza diklofenaki si naweza kurudi barabarani?
Jibu: Najua presha ya marejesho, ndugu yangu. Dawa inafunika maumivu, nguvu hairudishi, na ukiwa na vidonda vya tumbo au tatizo la figo itakudhuru. Breki ya nyuma na kiki viko mguu wa kulia. Ukisimama na abiria, uzito wote unaushusha kwenye mguu mmoja. Kwa hiyo jipime kwanza: simama kwa mguu ulioumia peke yake sekunde 30, kisha inuka kitini kwa mguu huo mmoja mara 5. Ukishindwa, mwombe mwenye pikipiki akuongezee wiki, na umwonyeshe cheti cha hospitali.