Jinsi ya kupima kama mionzi ya Mrima inaita radi

Kila masika wanafunzi wangu wa fizikia hapa Kwale hurudi na swali lile lile: kama kilima cha Mrima kina mionzi, si ndiyo sababu ya radi? Swali linapimika, na vifaa vyake karibu vyote viko jikoni. Kilima hicho kina thoriamu nyingi, metali yenye mionzi, na mionzi yake imepita ya mahali pa kawaida, hilo halina ubishi. Kazi ni kujua kama mionzi hiyo inafika kule radi inakotengenezwa.

Anza na hewa ya chini, mawingu yasubiri. Mionzi ya ardhini hugonga molekuli za hewa, ikazing'oa elektroni, zikawa ayoni, yaani chembe zenye chaji. Juu ya nchi kavu ya kawaida huzaliwa kama jozi 10 za ayoni kwa sekunde katika kila sentimita moja ya ujazo. Juu ya bahari, ambako hubaki mionzi itokayo angani peke yake, ni kama 2. Hewa yenye ayoni nyingi hupitisha umeme vizuri zaidi, na jambo hilo utaliona kwa elektroskopu, kifaa rahisi kinachoonyesha chaji ya umeme.

Chukua chupa ya jamu yenye kifuniko cha plastiki. Toboa kifuniko, pitisha waya mnene wa shaba, kunja ncha ya chini iwe ndoana, kisha tundika vipande viwili vyembamba vya foili ya chokoleti. Ncha ya juu ibaki nje hewani. Pale waya unapopita, ziba kwa nta ya mshumaa, na nta hiyo usiiguse tena kwa kidole: jasho lina chumvi, na chaji itatorokea hapo badala ya hewani. Sugua rula ya plastiki kwa sweta, ipitishe kwenye ncha ya juu, foili zitaachana. Sasa washa saa ya simu uone zinachukua muda gani kurudiana.

Tengeneza chupa mbili zinazofanana. Moja ipelekwe Mrima, nyingine ibaki kwenye shamba la mbali, zipimwe saa ile ile, kivulini, pasipo upepo. Siku ya pili zibadilishane mahali. Ukiacha hatua hii hutajua kama umepima kilima au umepima nta mbovu. Unyevu wa Pwani ni adui mkubwa kuliko yote, kwa hiyo fanya kazi hii kiangazi. Na Mrima ni msitu wa kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda: nenda kwanza kwa wazee, ueleze shida yako, ndipo upande. Mawe usichukue.

Tuseme foili zimerudiana haraka zaidi kilimani. Umethibitisha kwamba hewa ya hapo chini ina ayoni nyingi, basi. Chaji ya radi hutengana ndani ya wingu, chembe za barafu zinapogongana kwenye baridi ya nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri, na kwetu hapo ni kama kilomita sita hadi nane juu. Gesi ya thoriamu, yaani thoroni, nusu-uhai wake, yaani muda wa nusu yake kuoza, ni kama sekunde 56. Hufa kabla haijaenda mbali na udongo. Radoni itokanayo na urani ina siku 3.8, hiyo angalau ina muda wa kupanda. Kwa hiyo Mrima, pamoja na sifa zake zote, ni mshukiwa dhaifu.

Hatua ya pili ni kuhesabu radi zenyewe. Kaa ndani ya nyumba, dirishani. Ukiona mwako, hesabu sekunde hadi ngurumo, gawa kwa 3, upate kilomita. Andika na upande ulikotokea. Usilinganishe Mrima na tambarare, maana kilima chochote husukuma hewa juu. Linganisha na Shimba Hills, kilima cha miamba ya mchanga. Kukiwa na radi hakuna kupima nje, na ngurumo ya mwisho ikipita subiri nusu saa.

Kisha fungua ramani za setilaiti ya TRMM, iliyopima radi za tropiki tangu 1997 hadi 2015. Pwani yetu imefifia. Kisii, Kakamega na Ziwa Victoria zinawaka. Kabare, mashariki mwa Kongo, hupata kama miale 205 kwa kilomita ya mraba kwa mwaka, na Ziwa Maracaibo la Venezuela 233. Huko Maracaibo nako waliwahi kuisingizia urani, lakini maji ya vuguvugu, milima na upepo wa usiku vinatosha kueleza.

Mwanafunzi mkorofi atakutajia Sweden, na ana haki. Mwaka 1987 watafiti wa huko waliripoti kwamba radi ziliongezeka mwaka 1986, baada ya vumbi lenye mionzi la ajali ya nyuklia ya Chernobyl kuwaangukia. Mwambie huo ni msimu mmoja, na vumbi lile lilisafiri na hewa, halikukaa kwenye mwamba. Mtajie na vinasa radi vyenye radiamu au amerisiamu, elementi zenye mionzi, vilivyouzwa miaka mingi kwa ahadi kwamba ayoni zingevuta radi kutoka mbali. Havikushinda fimbo ya chuma ya kawaida, na Ufaransa ilipiga marufuku kuvitengeneza tangu 1987.