Mambo ya kuzingatia kuhusu muda kabla ya kuomba kubadilisha matumizi ya ploti

Mwenye nyumba ya makazi huko Milimani, iwe ya Kisumu au ya Nakuru, anayekusudia kuigeuza iwe gesti, kliniki au shule ya chekechea, kwa kawaida hutayarisha ramani na fedha, na suala la muda akaliacha mikononi mwa mtu wa ofisini. Ilhali Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 imeweka mihula ambayo baadhi yake huanza kuhesabiwa hata kabla mwombaji hajajua kwamba uamuzi umetolewa.

La kwanza ni hati yenyewe. Ikiwa ardhi ni ya lizi, yaani umepangishwa kwa miaka maalumu, hesabu miaka iliyobaki kabla ya kumlipa mpangaji miji aliyesajiliwa, kwa kuwa ombi la kuongezewa muda wa lizi ni tofauti na la kubadilisha matumizi, na benki haitafurahia mradi wa gesti juu ya lizi inayokaribia kuisha. Pata pia cheti cha kaunti kwamba ploti haidaiwi reti (kodi ya ardhi ya kaunti), na matokeo mapya ya utafutaji rasmi katika ofisi ya ardhi, yaani rekodi ya nani anamiliki ploti. Karatasi iliyochakaa tarehe hurudisha faili nyuma.

Ombi likishapokelewa na kaunti, weka nakala yenye muhuri na tarehe, au ujumbe wa kupokelewa ikiwa limetumwa mtandaoni. Sheria inasema kwamba mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, ruhusa itachukuliwa kuwa imetolewa. Hiyo ni kinga nzuri, lakini sishauri mtu amwage msingi kwa kutegemea kimya. Ni afadhali kuiandikia kaunti barua inayotaja tarehe ya muhuri na kuomba ithibitishe, kwa sababu anayejenga bila ruhusa anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au adhabu zote mbili.

Ombi likikataliwa, au likikubaliwa kwa masharti yasiyotekelezeka, rufaa hupelekwa kwa kamati ya kaunti ya upatanishi wa masuala ya mipango ndani ya siku 14 tangu uamuzi, nayo kamati inatakiwa kuisikiliza na kuiamua ndani ya siku 14 tangu rufaa iwasilishwe. Jirani aliyeathirika ana haki hiyohiyo, jambo ambalo waombaji wengi husahau. Siku ya uamuzi haihesabiwi, bali wikendi zilizo katikati huhesabiwa. Siku ya mwisho ikiwa Jumapili au sikukuu, muda husogea hadi siku ya kazi inayofuata. Kwa mfano, uamuzi wa tarehe 6 Oktoba hufikia siku ya 14 tarehe 20, ambayo ni Mashujaa, kwa hiyo rufaa yaweza kupokelewa tarehe 21 ikiwa si Jumapili wala sikukuu. Aliyeichukua barua yake tarehe 15 amekwisha kupoteza zaidi ya nusu ya muda wake, kwa hiyo faili yataka kufuatiliwa kila wiki. Asiyeridhika na kamati huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Ruhusa ikitoka, soma masharti yote hadi ukurasa wa mwisho na uandike kando tarehe ambayo kazi inapaswa kuwa imeanza. Uliza kwa maandishi ni kitu gani kitahesabiwa kuwa kuanza, maana lori mbili za mchanga na uzio wa mabati huenda zisimridhishe mkaguzi. Ukiona utachelewa, omba nyongeza ruhusa ikiwa bado hai, na uambatanishe ushahidi: barua ya benki kuhusu mkopo, risiti za vifaa, picha zenye tarehe. Sababu ya mvua inaeleweka upesi Kisumu, ambako udongo mweusi wa mfinyanzi huvimba wakati wa masika kati ya Machi na Mei na kufanya uchimbaji wa msingi kuwa shida; hata hivyo picha ya mtaro uliojaa maji husaidia kuliko maelezo matupu.

Nyongeza hiyo haigusi vibali vingine. Leseni ya NEMA (mamlaka ya kitaifa ya usimamizi wa mazingira), kwa mradi unaoihitaji, hutaja muda wake yenyewe ambao mradi lazima uwe umeanza, na ombi lake la kurefushwa hupelekwa NEMA, si kaunti.